Maji, Moto na Muda: Jinsi Upishi Unavyoamua Lishe Inayofika Mwilini

Mijadala ya lishe katika Afrika Mashariki huanza mara nyingi kwa orodha ya vyakula: mchicha una madini ya chuma, maharage yana protini, viazi lishe huupa mwili vitamini A, samaki wana mafuta yenye manufaa kwa moyo. Orodha hizo ni za kweli, lakini zinaacha nje hatua moja yenye uzito mkubwa, yaani safari ya chakula kutoka kapu la sokoni hadi sahani ya mlaji. Fungu lilelile la mboga, lililonunuliwa kwa bei ileile katika genge lilelile, laweza kuipa familia moja vitamini za kutosha na kuiachia nyingine nyuzinyuzi na chumvi tu, kutegemea namna lilivyooshwa na kukatwa, kiasi cha maji yaliyotiwa sufuriani na muda lililokaa motoni. Muhogo mchungu uliotoka shamba moja waweza kulisha kaya moja salama kwa mwaka mzima, na katika kaya ya jirani ukamwacha mtoto na miguu iliyopooza maisha yake yote.

Tofauti hizo zina sababu zinazojulikana, na nyingi zimefanyiwa utafiti katika eneo hilihili la Afrika. Makala haya yanazipitia sababu hizo kwa kuangalia mbinu kuu za upishi, kuanzia kuchemsha na kukaanga hadi kuchoma na kuhifadhi kiporo. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya madhara yatokanayo na upishi haizuki kwa sababu wapishi hawajui kupika. Huzuka pale maji, kuni au muda vinapopungua na mpishi akalazimika kuruka hatua ambayo waliomtangulia waliifuata hata bila kujua kemia yake.

Kazi ya moto

Faida ya kwanza ya kupika ni kuua vijidudu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vyote hufa maziwa yakichemka. Nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu, mnyoo ambao hukua tumboni mwa mlaji na kutoa mayai kupitia kinyesi. Mayai hayo yakiingia katika chakula au maji ya mtu mwingine huanguliwa tumboni mwake, na viluwiluwi vyake huweza kufika kwenye ubongo wa mtu huyo na kumsababishia kifafa. Kwa hiyo nyama ikiivishwa hadi katikati, bila sehemu mbichi, anayelindwa ni mlaji pamoja na jirani zake.

Faida ya pili ni kukifanya chakula kimeng'enyeke. Punje za wanga zilizo ghafi, kama zile za mahindi, mchele au viazi, ni ngumu kwa utumbo wa binadamu, lakini zikipata maji na joto hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na hapo vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazoharakisha usagaji wa chakula, hupata njia ya kuzifikia. Protini za nyama na mayai nazo hukunjuka zikipata joto, na hivyo huwa rahisi kusagwa. Richard Wrangham wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kwa miaka mingi amewatafiti sokwe katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, alitoa hoja katika kitabu chake cha mwaka 2009 kwamba kupika ndiko kulikomwezesha binadamu wa kale kupata nguvu ya kukuza ubongo mkubwa huku utumbo na meno yake yakipungua ukubwa. Wanasayansi wangali wanajadili lini hasa binadamu alianza kupika, lakini ni wachache wanaopinga kwamba mwili wa binadamu wa leo unategemea chakula kilichoiva.

Joto hilohilo, hata hivyo, lina gharama zake. Vitamini hugawanyika katika makundi mawili: zile zinazoyeyuka katika maji, yaani vitamini C na vitamini za kundi B, na zile zinazoyeyuka katika mafuta, yaani A, D, E na K. Kundi la kwanza hupotea kwa urahisi zaidi, kwa kuwa baadhi yake huharibiwa na joto na hewa, na zote huweza kuhama kutoka kwenye chakula na kuingia katika maji ya kupikia. Madini kama potasiamu na chuma hayaunguzwi na moto wa jikoni, lakini nayo huhamia katika maji, na maji hayo yakimwagwa, madini huondoka nayo.

Maji yanayomwagwa

Utaratibu unaofuatwa katika majiko mengi ni kukata mboga kwanza, kuziosha zikiwa zimekatwa, kuzichemsha katika maji mengi, kuyamwaga maji hayo, kisha kuziunga kwa vitunguu, nyanya na mafuta hadi zilainike kabisa. Kila moja ya hatua hizo ina hasara yake. Kukata kabla ya kuosha hufungua seli za jani na kuruhusu vitamini kutoka pamoja na maji ya kuoshea. Maji mengi ya kuchemshia huongeza nafasi ya virutubisho kuyeyuka. Kumwaga maji hukamilisha upotevu. Na kupika mara ya pili huharibu sehemu ya kile kilichosalia. Vitamini C ya majani yanayochemshwa kwa namna hii hupungua kwa nusu au zaidi, na folati, vitamini ya kundi B ambayo upungufu wake kwa mama mjamzito huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, hupungua pia kwa kiasi kikubwa.

Mboga za asili kama mnafu na mgagani hupata hasara hiyo zaidi, kwa kuwa uchungu wake huwafanya wapishi wengi wazichemshe na kumwaga maji mara moja, na wengine mara mbili. Yapo mapishi ya asili yanayopunguza uchungu kwa njia isiyo na gharama hiyo, yaani kuyachanganya majani machungu na yale matamu, au kuyamalizia kwa maziwa au karanga. Palipo na sababu ya kiafya ya kumwaga maji, ni sharti sababu hiyo izingatiwe: mchicha, kwa mfano, una oksaleti, kemikali ya asili inayoweza kuchangia mawe ya figo, na kuchemsha na kumwaga maji huipunguza, jambo lenye manufaa kwa mgonjwa aliyeshauriwa hivyo na daktari. Kwa mlaji asiye na tatizo hilo, njia bora ni kuosha majani yakiwa mazima, kuyakata vipande visivyo vidogo mno, kuyatia katika maji machache yanayochemka tayari, kuyafunika, na kuyaepua mara yanapolainika huku rangi yake ya kijani ikiwa bado imekolea.

Upishi wa mvuke hupunguza upotevu huo hata zaidi, kwa sababu chakula hakigusani na maji mengi. Mfano mzuri wa mbinu hii katika ukanda huu ni ule wa Uganda, ambako matoke humenywa, hufungwa katika majani ya mgomba na kuwekwa juu ya mabua ya mgomba yaliyotandazwa chini ya sufuria yenye maji kidogo, yakaiva polepole kwa mvuke uliozuiliwa ndani ya majani. Mchemsho, mtori na supu za namna zote zina fadhila nyingine: virutubisho vinavyohamia kwenye maji havipotei, kwa kuwa maji yenyewe huliwa.

Mafuta kidogo yenye kazi kubwa

Wapo walaji ambao, baada ya kushauriwa kupunguza mafuta, wameyaondoa kabisa katika mboga, na kwa kufanya hivyo wamejinyima vitamini A. Majani ya kijani kibichi, karoti, maboga na viazi lishe vya rangi ya chungwa hayana vitamini A yenyewe, bali yana karotini, rangi ya asili ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Karotini huyeyuka katika mafuta peke yake, na isipopata mafuta tumboni, sehemu yake kubwa hupita bila kufyonzwa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Gramu tatu hadi tano katika mlo, ambazo hazizidi kijiko kimoja cha chai, zinatosha. Tui la nazi katika mchicha wa pwani, karanga zilizosagwa katika mboga za bara na samli katika maharage vyote hufanya kazi hiyo, na kuiva pia husaidia, kwa kuwa joto huvunja kuta za seli na kuiachilia karotini. Nyanya iliyopikwa na mafuta vilevile hutoa laikopini, rangi yake nyekundu, kwa wingi kuliko nyanya mbichi.

Umuhimu wa karotini ulitambuliwa kimataifa mwaka 2016, pale Tuzo ya Chakula Duniani ilipotolewa kwa watafiti wanne waliofanya kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda aliyezalisha mbegu za viazi lishe. Faida ya karotini yaweza kubatilishwa nyumbani kwa mambo mawili. La kwanza ni kuanika vipande vya viazi au majani ya mboga kwenye jua kali kwa muda mrefu, kwa kuwa mwanga wa jua huiharibu karotini, ilhali kukausha kivulini penye upepo huilinda zaidi. La pili linahusu mawese, mafuta mekundu yanayozalishwa kwa wingi Kigoma na Kongo, ambayo yana karotini nyingi mno. Mpishi anayeyaacha motoni hadi wekundu uondoke na yawe meupe huwa ameiunguza hazina hiyo yote.

Muhogo, ambao moto peke yake haumalizi sumu yake

Hakuna chakula kinachoonyesha uzito wa maandalizi kama muhogo. Mizizi yake na majani yake yana linamarini, kemikali ya asili inayobeba sianidi, na aina chungu huwa nayo kwa wingi kuliko aina tamu. Ndani ya mmea huohuo, katika sehemu tofauti ya seli, mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu seli ni nzima, vitu hivi viwili havikutani. Seli ikipondwa, hukutana, linamarini huvunjika, na mwishowe hutoka gesi ya sianidi, ambayo hutokota katika nyuzijoto 26 tu na hivyo huruka hewani kwa urahisi.

Hapa ndipo maarifa ya jikoni na ya kemia yanapokutana. Mpishi wa kisamvu hutwanga majani machanga kwenye kinu hadi yawe laini kabisa, huyaacha kwa muda, kisha huyachemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi mwanzoni, ndipo hutia tui au karanga. Kutwanga ndiko kunakokipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi yake, na kuacha sufuria wazi kunairuhusu gesi kutoka. Mpishi mwenye haraka anayetia majani yasiyotwangwa katika maji yanayotokota hufanya kinyume, kwa sababu joto hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, huku linamarini yenyewe ikistahimili joto na kubaki ndani ya chakula au ndani ya maji yake. Kwa maneno mengine, moto uliotangulia mchi huifungia sumu ndani.

Kwa mizizi michungu, jamii mbalimbali zilibuni taratibu zinazochukua siku kadhaa. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, mizizi iliyomenywa hulundikwa na kufunikwa hadi ichachuke na kulainika, kisha huvunjwavunjwa na kuanikwa, na unga wake hujulikana kama udaga. Nchini Kongo, mizizi hulowekwa katika maji kwa siku tatu hivi. Uchachushaji huo hulainisha seli na kukipa kimeng'enya muda wa kuvunja linamarini. Taratibu hizi zikifuatwa kikamilifu, unga unaopatikana ni salama.

Taratibu hizi zilipofupishwa, matokeo yalikuwa mabaya. Mwaka 1938 daktari wa Kiitaliano, Giovanni Trolli, alichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiwapata watu wa Kwango, katika Kongo ya wakati huo chini ya Ubelgiji, ambao wenyewe waliuita konzo: mtu mwenye afya njema hupooza miguu ghafla, na hali hiyo haiponi. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa watoto na wanawake, na uchunguzi uliofanywa huko na madaktari, miongoni mwao Julie Cliff na Hans Rosling, uliuhusisha na muhogo mchungu ulioliwa bila maandalizi ya kutosha wakati wa ukame. Katikati ya miaka ya 1980 konzo ilijitokeza Tarime, mkoani Mara, na mwishoni mwa miaka hiyo, wilayani Masasi, uhaba wa chakula uliwafanya watu watengeneze unga wa haraka kwa kutwanga mizizi mibichi na kuianika kwa kupokezana badala ya kuisubiri ikauke kwa majuma kadhaa, na wengi wakapata sumu ya ghafla. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwamo Nicholas Mlingi, ni miongoni mwa waliochunguza visa hivyo.

Katika visa vingi vya namna hii sura ni moja. Ukame huongeza sianidi katika muhogo, huangamiza mazao mengine na kuuacha muhogo peke yake shambani, na njaa humnyima mpishi subira ambayo muhogo unaidai. Aidha, mwili huhitaji asidi za amino zenye salfa, zipatikanazo katika nyama, samaki, mayai na kunde, ili kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na vyakula hivyo ndivyo vya kwanza kukosekana wakati wa njaa. Kwa bahati njema, ufumbuzi mmoja wa gharama ndogo umepatikana. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionyesha kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja na kuachwa kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kimeng'enya kilichosalia huamka tena, na sehemu kubwa ya sianidi huondoka kabla ya ugali kusongwa.

Maharage, magadi na bei ya kuni

Maharage makavu, hasa yale mekundu, yana lektini, protini ya asili inayoweza kusababisha kutapika na kuharisha saa chache baada ya kuliwa. Kuyaloweka kwa angalau saa tano, kuyamwaga maji yake na kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 huiondoa lektini hiyo, ilhali kuyapika kwa joto dogo lisilofikia mchemko huiacha ikiwa na nguvu, na laweza hata kuiongeza. Jambo hili linawahusu moja kwa moja wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto, mbinu nzuri ya kuokoa mkaa ambayo imesambazwa katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania: maharage lazima yatokote kwanza jikoni ndipo yahamishiwe kikapuni. Kuloweka kuna faida nyingine mbili, kwa kuwa hupunguza sukari zinazoleta gesi tumboni na pia fitati, kemikali inayozuia chuma na zinki visifyonzwe mwilini.

Wakazi wa nyanda za juu wana changamoto ya ziada. Maji hutokota kwa joto dogo kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo maji yanayotokota Dar es Salaam katika nyuzijoto 100 hutokota Nairobi, karibu mita 1,700 juu, katika nyuzijoto zipatazo 94. Maharage ya Njombe au Nairobi basi hula kuni nyingi kuliko yale ya Tanga, na ndiyo sababu mojawapo ya wapishi wengi kutia magadi, chumvi ya alkali inayochimbwa katika maziwa kama Natron na Magadi, ili nafaka na kunde zilainike upesi.

Magadi hufanya kazi hiyo vizuri, lakini kwa gharama. Alkali huiharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri, huiharibu pia vitamini C ya mboga za majani, na huongeza sodiamu katika mlo wa watu ambao huenda tayari wana shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, magadi ya ukanda wa Bonde la Ufa huwa na floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa ya kahawia na kudhoofisha mifupa. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, ambako baadhi ya vyanzo vya maji tayari vina floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, magadi yanayotiwa katika makande humwongezea mtoto mzigo ambao meno yake yanayokua hayauwezi. Kuloweka usiku kucha, kutumia maji ya kulowekea yaliyotiwa chumvi kidogo, na kupika kwa sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto hadi karibu nyuzijoto 120, huleta ulaini uleule bila madhara hayo.

Karai la chipsi

Kukaanga katika mafuta mengi ndiyo mbinu iliyoenea kwa kasi zaidi mijini. Katika kibanda cha kawaida cha chipsi, viazi humenywa na kukatwa mapema, hukaangwa mara ya kwanza hadi nusu ya kuiva, huwekwa pembeni, na mteja anapofika hurudishwa katika mafuta yaleyale, ambayo tangu asubuhi yamekuwa yakipokea pia kuku, mihogo na samaki. Joto la mafuta hayo hufikia nyuzijoto 170 hadi 180, kiwango ambacho maji hayawezi kukikaribia kamwe.

Katika joto hilo mambo mawili hutokea. La kwanza linahusu chakula chenyewe. Mwezi Aprili 2002 mamlaka ya chakula ya Sweden, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm, ilitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa katika joto linalozidi nyuzijoto 120 huzalisha akrilamaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka mwaka 1994 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Akrilamaidi hutokana na asidi ya amino iitwayo asparajini inapoungana na sukari, katika mfululizo uleule wa mabadiliko yanayovipa vyakula vya kukaangwa rangi ya hudhurungi na harufu nzuri. Ushahidi wake mkubwa unatokana na wanyama wa maabara, na tafiti za binadamu hazijatoa jibu moja, hivyo hakuna sababu ya hofu; ipo, hata hivyo, sababu ya kuchukua tahadhari rahisi, yaani kuviloweka vipande vya viazi katika maji ili sukari ipungue, kutovihifadhi viazi vya kukaanga katika jokofu, na kuviepua vikiwa na rangi ya dhahabu kabla havijageuka kahawia.

La pili linahusu mafuta. Yakipashwa tena na tena huku yakipigwa na hewa na kupokea maji ya chakula, huvunjika na kuzalisha kemikali zinazoudhi utumbo na kuchangia magonjwa ya mishipa ya damu, na vitamini E yake huisha. Mpishi hutambua hali hiyo bila kifaa chochote: mafuta huwa meusi na mazito, hutoa povu lisilotulia, hufuka moshi kabla ya kupata moto wa kutosha, na hukiachia chakula ladha ya ukakasi. Nchi kadhaa za Ulaya zina sheria ya kumwaga mafuta pale mchanganyiko wa kemikali hizo unapofikia robo hivi ya mafuta yote. Kwa muuza chipsi, ambaye bei ya dumu la mafuta ndiyo inayokula faida yake, ushauri unaotekelezeka ni kuyachuja kila siku, kutoyachanganya mapya na yaliyochakaa, kuyafunika, na kupunguza moto pale asipokaanga. Nyumbani, suluhisho la kweli ni kukaanga mara chache.

Moshi wa nyama choma

Nyama na samaki wanaochomwa juu ya makaa hupatwa na kemikali za aina mbili. Moja huundwa ndani ya nyama yenyewe pale protini na kreatini, kemikali iliyomo katika misuli, zinapopigwa na joto kali. Kemikali za aina hiyo ziligunduliwa katika miaka ya 1970 na kundi la watafiti wa Japani lililoongozwa na Takashi Sugimura, lililoanza kwa kuchunguza ngozi nyeusi ya samaki waliochomwa. Nyingine hutokana na mafuta yanayodondoka juu ya kaa, yakaungua na kupanda na moshi hadi kuganda juu ya nyama, na mojawapo, benzopirini, imo pia katika moshi wa sigara. Mwaka 2015 IARC iliainisha nyama nyekundu kuwa yaelekea husababisha saratani, na nyama zilizosindikwa kama soseji kuwa husababisha. Uainishaji huo hupima uthabiti wa ushahidi; hausemi kwamba kipande kimoja cha mshikaki ni hatari sawa na sigara.

Mapishi ya pwani yana kinga ndani yake. Mishikaki iliyokaa saa kadhaa katika ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huzalisha kiasi kidogo cha kemikali za aina ya kwanza, kama tafiti za maabara kuhusu viungo vya namna hiyo zilivyoonyesha. Kuitokosa nyama kwanza hufupisha muda wake juu ya makaa. Kungoja makaa yatulie, kuigeuza mara kwa mara na kukata mafuta yanayoning'inia hupunguza moshi. Na sehemu iliyoungua ikawa nyeusi haina sababu ya kuliwa.

Mipaka ya moto

Imani kwamba moto husafisha kila kitu ni ya hatari, na mifano miwili inatosha kuonyesha hivyo. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na nyinginezo za mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu wanaoota katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ugali wao ulikuwa umeiva, lakini sumukuvu haivunjwi na joto la maji yanayotokota. Kinga yake hukaa shambani na ghalani, katika kukausha vizuri, kuchambua punje zilizovunjika au kuota ukungu, na kuhifadhi mahali pakavu.

Mfano wa pili ni kiporo. Wali uliopikwa huweza kubaki na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hustahimili mchemko. Wali ukiachwa sufuriani katika joto la kawaida usiku kucha, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa hadi ufuke moshi. Kiporo kinachohifadhiwa mahali baridi ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa ni chakula kizuri, tena wali na viazi vilivyopoa hujenga wanga sugu, yaani wanga usiogeuka upesi kuwa sukari, jambo lenye manufaa kwa wagonjwa wa kisukari. Kiporo kilicholala mezani hakifai, na kukipasha moto hakukirudishii usalama.

Haraka inatoka wapi?

Ukiziangalia hatari hizi kwa pamoja, haraka na uhaba hujitokeza karibu katika zote. Mizizi ya muhogo iliandaliwa kwa siku chache kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Magadi yalitiwa kwa sababu mkaa ni ghali. Mafuta yalirudiwa kwa sababu dumu jipya lingemaliza faida ya siku. Kiporo kililala nje kwa sababu nyumba haina jokofu. Elimu ya lishe inayomlaumu mpishi bila kuzitazama sababu hizi huishia kuwa mahubiri. Elimu yenye tija humpa njia za mkato zilizo salama: kuloweka, kufunika sufuria, kutwanga kabla ya kuchemsha, kulowanisha unga wa muhogo, kutumia maji machache na mafuta kidogo.

Upande wa sera, Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo umejadiliwa zaidi kwa kigezo cha misitu na cha moshi unaoathiri mapafu ya wanawake na watoto, na vigezo hivyo ni vya haki. Kipo kigezo cha tatu kinachostahili nafasi sawa, yaani lishe, kwa sababu kaya yenye sufuria ya presha na nishati inayoimudu haina haja ya magadi, na huweza kupika maharage mara nyingi zaidi kwa juma. Serikali zinazowahimiza wananchi kula kunde, mboga za majani na mazao ya asili zina wajibu wa kuhakikisha kwamba maji safi na nishati ya kuviivisha vyakula hivyo vinapatikana kwa bei ambayo kaya ya kipato cha chini inaiweza, kwa kuwa ushauri wa lishe usiofika hadi jikoni hauwezi kufika mwilini.